Hifadhi ya data vyuo vikuu: Nafasi ya bure yakwisha, wanunuzi wachangishana

KWA miaka kadhaa vyuo vikuu vingi duniani viliishi kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Kampuni ya Google ilivipa nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi mafaili bila malipo, na watafiti wakajaza kila walichokuwa nacho: picha za darubini, vipimo vya mvua, orodha za vinasaba na matokeo ya mahesabu ya kompyuta. Februari 2021 mwenye nyumba alitangaza masharti mapya. Kuanzia Julai 2022 chuo kizima kingepewa terabaiti 100 za kugawana, na atakayetaka zaidi alipie. Microsoft nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2024, ikianza pia na terabaiti 100.

Kwa ofisi ya kawaida nafasi hiyo ni kubwa mno. Google yenyewe ilieleza kuwa inatosha nyaraka zaidi ya milioni 100. Lakini kwa chuo cha utafiti, kikundi kimoja cha wataalamu wa vinasaba au wa hali ya hewa kinaweza kuimaliza peke yake. Hivyo vyuo vilivyozoea kupewa vikalazimika kuingia sokoni kama wanunuzi wengine, vikiwa na mzigo mkononi na bila mahali pa kuuweka.

Soko hilo lina wauzaji wachache, wanunuzi wenye haraka na bei zinazoyumba kwa sababu ambazo mfanyabiashara wa mchele au wa mabati atazitambua mara moja. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi linavyofanya kazi, nani anapata, nani anaumia, na mwekezaji mdogo aangalie nini kabla ya kuweka fedha zake humo.

Bidhaa ni mbili

Anayezungumzia kompyuta za watafiti anazungumzia bidhaa mbili zinazouzwa pamoja. Ya kwanza ni nguvu ya kupiga hesabu. Ya pili ni nafasi ya kuweka data kabla na baada ya hesabu hizo. Wanunuzi wengi hutazama ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye sifa magazetini. Ya pili ndiyo inayoleta ankara kila mwezi.

Historia inaonyesha kwamba hifadhi haijawahi kuwa nyongeza ndogo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo ulioitwa 305 RAMAC, wa kwanza kuuzwa ukiwa na diski za sumaku. Diski zake 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, zilibeba herufi milioni 5 tu. Mtambo mzima ulikodishwa kwa dola za Marekani 3,200 kwa mwezi. Maana yake ni kuwa mteja alilipa dola 640 kila mwezi kwa kila herufi milioni moja alizoweza kutunza.

Mwaka 1977 kituo cha taifa cha utafiti wa anga cha Marekani, NCAR, kilinunua kompyuta ya Cray-1, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa kupita zote duniani. Bei ilikuwa dola milioni 8.86, na karibu dola milioni moja kati ya hizo zilikwenda kwenye diski. Hivyo tangu mwanzo, katika kila dola tisa za mnunuzi, moja ilikuwa ya ghala.

Kilichobadilisha soko hilo ni uamuzi wa kuacha kununua mtambo mmoja wa bei mbaya. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, waliunganisha kompyuta 16 za aina inayouzwa madukani, wakazifunga kwa nyaya za kawaida za mtandao na kuzipa programu ya Linux isiyolipiwa. Kundi hilo liliitwa Beowulf. Wazo lake lilikuwa rahisi: igawe hesabu kubwa vipande vipande, kila kompyuta ichukue kipande chake, kisha majibu yakusanywe.

Kuanzia hapo vyuo havikulazimika tena kusubiri serikali inunue mtambo wa mamilioni. Profesa mwenye ruzuku ndogo aliweza kununua mashine 10 na kuanza kazi. Linux nayo iliteka soko lote: tangu Novemba 2017, kila kompyuta iliyomo katika orodha ya dunia ya kompyuta 500 zenye nguvu zaidi inaendeshwa kwa programu hiyo.

Hata hivyo, unafuu huo ulizaa ugonjwa mwingine. Kila profesa alikuwa na mashine zake 10 katika chumba chake, kiyoyozi chake na mwanafunzi wake wa kuzitunza. Mashine zilikaa bure wakati mwenyewe akiandika ripoti, huku jirani yake wa mlango wa pili akilalamika hana kompyuta za kutosha. Chuo kililipia umeme wa vyumba 20 badala ya kimoja, na mwanafunzi yule alipohitimu hakukuwa na aliyejua mashine zimefungwaje.

Purdue yageuza mchango kuwa mfumo

Mfano unaostahili kutazamwa na kila mfanyabiashara ni wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana nchini Marekani. Chuo hicho kiliwaendea maprofesa wake na pendekezo la kibiashara: msinunue kila mtu kivyake, leteni fedha zenu za ruzuku, chuo kitaagiza kwa jumla.

Mwezi Mei 2008 kundi la kompyuta lililopewa jina la Steele liliwasili likiwa na mashine zaidi ya 800 zilizotengenezwa na Dell. Wafanyakazi na watu wa kujitolea zaidi ya 200 walijitokeza kufungua maboksi na kuzipanga, wakiwemo wengine kutoka chuo jirani na mpinzani wa jadi, Indiana University. Kazi iliyopangwa kuchukua siku nzima ilimalizika kabla ya chakula cha mchana, na mchana huo huo mashine zilikuwa zinapiga hesabu za watafiti. Baada ya Steele yalifuata makundi mengine chini ya mpango huo huo: Coates mwaka 2009, Rossmann mwaka 2010, Carter mwaka 2011 na Conte mwaka 2013, na mpango uliendelea baada ya hapo.

Anayejua upatu ataelewa nusu ya mpango huu, lakini kuna tofauti moja ya msingi. Katika upatu kila mtu hungoja zamu yake. Purdue kila mchangiaji anabaki na haki ya sehemu yake wakati wote. Aliyelipia mashine 10 ana foleni yake ya mashine 10. Chuo kinabeba gharama za jengo, umeme, ubaridi na mishahara ya mafundi.

Swali la kawaida ni hili: mashine za mwenzako zikiwa zimekaa bure, nani azitumie, na mwenyewe akirudi itakuwaje? Jibu la Purdue ni kanuni ya saa nne. Mchangiaji yeyote anaruhusiwa kutumia mashine zisizo na kazi, ila kazi yake isizidi saa nne. Kwa hiyo mwenye mali akirudi ghafla, atasubiri saa nne kwa kiwango cha juu kabisa kabla ya kukabidhiwa mashine zote alizolipia. Hakuna anayenyang'anywa na hakuna mashine inayolala.

Faida ya mpango huo ina sehemu tatu. Kwanza, anayeagiza mashine 800 kwa mkupuo hapewi bei ya anayeagiza 10. Pili, mashine inayofanya kazi usiku na mchana hurudisha thamani yake haraka kuliko inayolala, na hilo ni muhimu kwa sababu kompyuta huchakaa kibiashara hata isipoguswa. Purdue huhesabu uhai wa kundi moja kuwa miaka mitano, kisha linaondolewa. Tatu, mtunzaji ni mmoja mwenye ujuzi badala ya wanafunzi 20 wanaobahatisha.

Ghala, stoo na kaunta

Katika upande wa hifadhi, vituo vya aina hii hupanga data kama muuza duka la jumla anavyopanga mali. Kuna kaunta, yaani diski za kasi zilizo karibu na kompyuta, ambako data hukaa wakati hesabu inaendelea. Nafasi hiyo ni ghali, na vituo vingi hufuta faili lisiloguswa kwa wiki kadhaa. Kuna stoo ya kati, yenye diski za kawaida, ambako kikundi cha utafiti hutunza kinachotumika mara kwa mara. Nyuma kabisa kuna ghala, na humo chombo kinachotumika ni tepu. Ghala la Purdue, linaloitwa Fortress, ni la tepu.

Wengi husikia tepu wakadhani ni mali ya kale kama kaseti za muziki. Ukweli ni kwamba tepu ya kompyuta ni biashara hai. Aina inayotawala inaitwa LTO, iliyoingia sokoni mwaka 2000 kwa ushirikiano wa HP, IBM na Seagate. Toleo la tisa, lililotoka mwaka 2021, linabeba terabaiti 18 katika kasha linaloenea kiganjani. Kwa hesabu hiyo, terabaiti 100 zinaingia katika makasha sita. Anayetaka nakala mbili, na kila mwenye akili anataka mbili, anahitaji makasha 12.

Siri ya tepu ni umeme. Kasha lililo rafuni halizunguki, halipati joto na halihitaji kupozwa. Diski iliyo ndani ya seva inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, mchana na usiku, iwe inasomwa au haisomwi. Aidha, kasha lililotolewa kwenye mashine haliwezi kufutwa na mhalifu aliye upande wa pili wa intaneti. Ubaya wake ni kwamba mashine ya kusomea tepu inagharimu maelfu ya dola, na kulipata faili moja kunachukua muda kwa sababu utepe lazima uviringishwe hadi lilipo.

Wauzaji ni wachache mno

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kukaa macho. Makasha ya tepu hizo yanatengenezwa na kampuni mbili za Kijapani, Fujifilm na Sony. Kampuni hizo zilipogombana mahakamani kuhusu hataza, toleo la nane lenye terabaiti 12 liliadimika sokoni mwaka 2019. Wateja waliokuwa wamekwisha nunua mashine za kusomea walikosa makasha ya kuweka ndani. Suluhu ilipatikana Agosti 2019 na mali ikaanza kutoka tena. Somo ni la zamani: anayeuza taa ahakikishe mafuta ya taa yanapatikana.

Diski za sumaku nazo zimebaki na watengenezaji watatu duniani, Seagate, Western Digital na Toshiba. Seagate ilinunua biashara ya diski ya Samsung mwaka 2011, na Western Digital ikanunua ya Hitachi mwaka 2012. Katikati ya ununuzi huo, Oktoba 2011, mafuriko yaliingia viwanda vya Thailand, nchi iliyokuwa ya pili kwa kutengeneza diski duniani. Maji yaliingia hata kiwanda cha Western Digital. Bei za diski zilipanda ghafla na zilichukua muda mrefu kurudi chini. Muuza kompyuta aliyekuwa na diski stoo mwezi huo alipata faida ambayo hakuitolea jasho. Aliyekuwa ameshinda zabuni ya chuo kwa bei iliyofungwa kabla ya mafuriko alitimiza mkataba kwa hasara.

Kukodi au kumiliki

Kwa vyuo vilivyokosa nafasi ya bure, njia inayotangazwa sana ni kukodi hifadhi kwa kampuni kubwa kupitia intaneti, huduma inayojulikana kama wingu. Amazon ilianza kuuza huduma hiyo Machi 2006 kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Tangu Desemba 2016 bei yake ya msingi nchini Marekani ilishuka hadi senti 2.3.

Senti 2.3 zinasikika kama bure. Mfanyabiashara azizidishe. Terabaiti 100 ni gigabaiti 100,000. Kodi ya mwezi inakuwa dola 2,300, ya mwaka dola 27,600, na ya miaka mitano, yaani uhai wa kundi moja la kompyuta, dola 138,000. Chuo kinachoweza kununua, kuwasha na kutunza terabaiti 100 kwa fedha pungufu ya hizo kina sababu ya kumiliki chake. Kisichoweza, kwa sababu hakina fundi au umeme wa uhakika, kina sababu ya kukodi.

Lakini kodi siyo gharama pekee. Kuingiza mzigo ni bure, kuutoa kunalipiwa. Kwa orodha ya bei za Amazon nchini Marekani, gigabaiti 10,000 za kwanza zinazotolewa kwenda nje kwa mwezi ni senti 9 kila moja, 40,000 zinazofuata senti 8.5, na baada ya hapo senti 7. Mwenye terabaiti 100 akitaka kuzichukua zote kwa mwezi mmoja atadaiwa takriban dola 7,800, zaidi ya kodi ya miezi mitatu. Amazon ilitangaza Machi 2024 kuwa mteja anayehama moja kwa moja anaweza kuomba asamehewe malipo hayo, na kwa watafiti kuna msamaha unaofikia asilimia 15 ya ankara. Hata hivyo, mtafiti wa kawaida hahami. Anatoa data kila wiki ili aifanyie kazi, na kila wiki mita inasoma.

Ipo pia kodi ya bei poa kabisa. Mwaka 2019 Amazon ilianza kukodisha ghala la kina kwa takriban dola moja kwa terabaiti kwa mwezi. Terabaiti 100 zinakaa humo kwa dola 99 tu. Masharti yake ndiyo yanayofidia bei: data ihesabiwe kukaa siku 180 hata ukiifuta kesho, na ukiihitaji usubiri mpaka saa 12. Ni ghala la mali inayotunzwa kwa sababu sheria au mfadhili anataka, siyo kaunta.

Na wafadhili sasa wanataka. Kuanzia Januari 25, 2023, taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zinamtaka kila mwombaji ruzuku aeleze jinsi atakavyotunza data na kuwapa wengine. Zinaruhusu gharama hizo ziingizwe kwenye bajeti ya ruzuku. Kwa muuzaji wa hifadhi hiyo ni habari kubwa, maana mteja wake sasa ana wajibu wa kununua na ana fungu la kulipia.

Terabaiti 77 zilizopotea Kyoto

Atakayefikiri kwamba nakala ya akiba ni anasa, asome yaliyotokea Chuo Kikuu cha Kyoto, Japan. Kati ya Desemba 14 na 16, 2021, takriban terabaiti 77 za data za watafiti zilifutika katika hifadhi ya kompyuta kubwa ya chuo hicho. Mafaili yaliyopotea yalikuwa yapata milioni 34, ya vikundi 14 vya utafiti. Vikundi vinne havikuweza kurudishiwa data yao kutoka kwenye nakala.

Hakukuwa na moto wala mwizi. Kilichofuta data ni programu ndogo ya kutengeneza nakala za akiba. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kufuta kumbukumbu za zamani zilizopita siku 10. Mafundi wa kampuni iliyouza mtambo waliibadilisha kwa toleo jipya wakati la zamani bado linaendelea kufanya kazi. Kompyuta ikasoma nusu ya kwanza ya maagizo kutoka toleo moja na nusu ya pili kutoka jingine. Mahali palipopaswa kutajwa folda ya kusafishwa pakawa tupu, na programu ikasafisha hifadhi ya watafiti badala ya takataka. Kampuni hiyo ilikiri kwa maandishi kwamba kosa lilikuwa lake kwa asilimia 100.

Kukiri ni uungwana, lakini hakurudishi kazi ya miaka. Katika biashara hii hasara haipimwi kwa bei ya diski. Diski za terabaiti 77 zinaweza kununuliwa upya siku hiyo hiyo. Hesabu zilizochukua miezi ya muda wa kompyuta kubwa hazinunuliki, na jaribio lililopimwa siku moja ya mwaka fulani halirudiwi. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hahesabu terabaiti alizonunua, anahesabu nakala zilizo mahali tofauti na zinazoshikwa na watu tofauti.

Makaburi ya wauzaji

Mwekezaji mdogo anaposikia kwamba vyuo vyote duniani vinahitaji kompyuta, huenda akataka kununua hisa za anayeziuza. Historia inamwomba apunguze mwendo. Thinking Machines, kampuni iliyosifiwa sana kwa kompyuta zake, iliomba ulinzi wa mufilisi Agosti 1994. Cray Computer Corporation ya Seymour Cray, mtu aliyebuni Cray-1, ilifilisika Machi 1995. Cray Research, kampuni aliyoianzisha kabla ya hapo, ilinunuliwa na Silicon Graphics mwaka 1996 na kuuzwa tena mwaka 2000. Silicon Graphics yenyewe ilifilisika mara mbili, mwaka 2006 na mwaka 2009. Masalia ya majina yote mawili yaliishia mikononi mwa Hewlett Packard Enterprise: la Silicon Graphics mwaka 2016 kwa dola milioni 275, na la Cray mwaka 2019 kwa dola bilioni 1.3.

Sababu ya vifo hivyo ni moja. Wateja walikuwa wachache, walinunua mara moja katika miaka mitano, na bajeti zao ziliamuliwa na wanasiasa. Mkataba mmoja ukichelewa robo moja ya mwaka, mapato ya kampuni nzima yalianguka.

Faida kubwa ilikwenda kwa muuza vipuri mwenye wateja wengi wa nje ya vyuo. Mfano ni Nvidia, iliyotengeneza chipu za michoro ya michezo kabla watafiti hawajagundua kwamba zinafaa kwa hesabu zao. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025, mapato yake yalikuwa dola bilioni 130.5, na bilioni 115.2 zilitoka kwenye vituo vya data. Miaka miwili kabla ya hapo mapato yote yalikuwa dola bilioni 27. Wanunuzi wakubwa wa chipu hizo ni kampuni za akili bandia. Chuo kikuu ni mteja mdogo anayesimama nyuma ya foleni ya matajiri, na bei anayopewa inaonyesha hivyo.

Umeme ni gharama nyingine inayosahauliwa. Kompyuta ya Frontier iliyoko Oak Ridge, Marekani, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza katika orodha ya 500 kuvuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde, ilipimwa ikila megawati 21. Kwa mfano, mwenye mtambo wa namna hiyo akilipa senti 10 za dola kwa uniti, ankara ya mwaka inafika dola milioni 18.4.

Mitumba na mkongo

Biashara hii imegusa hata Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kilikuwa na kompyuta iitwayo Ranger, iliyotengenezwa na Sun Microsystems na kuanza kazi mwaka 2008 ikiwa na prosesa ndogo 62,976. Ilipozimwa Februari 2013 haikupelekwa yote kwenye vyuma chakavu. Baadhi ya makabati yake yalitolewa kwa taasisi za Afrika Kusini, Botswana na Tanzania, zitumie kufundishia na kufanyia utafiti. Kwa kifupi, ni mitumba ya kompyuta.

Mtumba wa aina hiyo una faida na mtego. Faida ni kwamba mtaji wa kununua haupo. Mtego ni kwamba kompyuta ya zamani inakula umeme mwingi kwa hesabu ileile ambayo mpya ingeifanya kwa umeme kidogo, na vipuri vyake vinazidi kuadimika. Mtengenezaji wa Ranger, Sun, alikuwa amekwisha kumezwa na Oracle tangu mwaka 2010. Anayepokea zawadi ya namna hiyo aombe kwanza hesabu ya umeme na ubaridi, ndipo ashukuru.

Jambo la pili ni njia ya kusafirishia. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufunguliwa Julai 2009, mawasiliano ya nje ya Dar es Salaam na Mombasa yalitegemea setilaiti zenye bei kubwa. Mkongo ulibadilisha hali, lakini haukufuta hesabu. Terabaiti 100 zikipita katika njia ya gigabiti moja kwa sekunde isiyotumiwa na mtu mwingine zinachukua zaidi ya siku tisa. Katika njia ya megabiti 100 zinachukua siku 92. Chuo kinachokodi hifadhi ya ng'ambo bila kupima njia yake kinanunua ghala lisilo na barabara.

Hata wakubwa hukwama hapo. Wanaanga waliopiga picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa Aprili 10, 2019, walikusanya takriban petabaiti 5 za data mwaka 2017. Hakuna intaneti iliyofaa kuzibeba. Diski zenye uzito wa karibu nusu tani zilisafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani, na zile za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi mpaka majira ya baridi yaishe ndipo ndege iweze kuruka. Msafirishaji wa mizigo bado ana kazi.

Mambo ya kuangalia

Mfanyabiashara anayetaka kuuzia vyuo kompyuta au hifadhi azingatie haya. Bei ya zabuni iwe na tarehe ya mwisho, kwa kuwa watengenezaji watatu wa diski na wawili wa tepu wanaweza kupatwa na mafuriko au kesi wakati wowote. Mkataba utaje nani anabeba hasara data ikifutika, na nakala ngapi zitatunzwa wapi. Huduma ya utunzaji ya miaka mitano iuzwe pamoja na mashine, maana humo ndimo mapato ya kila mwaka yalimo.

Chuo kinachonunua kiulize mambo matatu kabla ya kusaini: kutoa data kunagharimu kiasi gani, kunachukua siku ngapi, na nani mwingine anaweza kuchangia mashine hizo zisilale. Mwekezaji mdogo naye, kabla ya kununua hisa za kampuni inayojisifu kuwa na vyuo vikuu maarufu, asome ina wateja wangapi wengine wasio vyuo.

Mwenye nyumba aliyegawa vyumba bure ameanza kudai kodi. Terabaiti zilizojazwa wakati wa bure bado zipo, na kila mwezi mtu fulani lazima azilipie.